Mfupa wa Chui Milia na Kiti cha Fundi

Mtaani kote, fundi cherehani alisifika kwa jambo moja: suruali aliyoishona hairudishwi. Ukiivaa, imekukaa. Lakini magoti yake yalikuwa yamegoma. Kila akitaka kuinuka, alishika meza kwa mikono miwili na kuguna.

"Nikishindwa kukanyaga pedali, nimekwisha," alimwambia mkewe. "Kazi nyingine siijui."

Mkewe hakukunja mikono. Siku hiyohiyo alileta mchuuzi wa dawa.

"Unga wa mfupa wa chui milia," mchuuzi alijigamba, akitoa kichupa. "Ukinywa huu, utaruka ukuta!"

"Ukuta wa nani?" fundi aliuliza. Hata hivyo alinyoosha mkono. Alikuwa amechoka na maumivu.

"Fundi, subiri kwanza." Aliyesema ni jirani yao, daktari wa wanyama, aliyekuwa amefuata sketi yake. "Unga huo hauponyi goti. Unammaliza chui milia tu. Waliobaki porini, dunia nzima, hawafiki elfu sita."

"Wote?" mke alishtuka.

"Wote, shoga yangu. Zilikuwa aina tisa. Yule wa Bali, wa Java na wa Kaspi hawapo tena. Wamebaki wa Bengali, Sumatra, Siberia, Malaya na Indochina. Yuko pia wa China Kusini, ila huyo amebaki kwenye mabanda tu. Porini haonekani."

"Kisa mifupa?" mke aliuliza.

"Na ngozi. Misitu nayo inakatwa, paa wanawindwa. Chui milia akikosa chakula anafuata ng'ombe, watu wanamuua. Fundi, nikikuletea kitambaa vipande vipande, utanishonea gauni?"

"Labda vitambaa vya kufutia meza."

"Basi naye hawezi kuishi kwenye vipande vya msitu. Lakini palipo na ulinzi wa kweli, wameanza kuongezeka. Tukiacha kununua, wawindaji watamuuzia nani? Wewe nenda kliniki ya viungo."

Mchuuzi alifunga mkoba wake na kuondoka.

Kesho yake, mtaalamu wa viungo alimkunja fundi miguu, akamkunjua, kisha akauliza, "Kiti chako cha kazi kina urefu gani?"

Fundi alikiri hajui. Kwa miaka ishirini alikuwa amepima viuno vya watu, lakini kiti chake hakuwahi kukipima. Alipokipima, aliona aibu. Kilikuwa kifupi mno, na magoti yalikunjwa kutwa nzima.

Seremala alikirefusha miguu. Kila asubuhi fundi alifanya mazoezi aliyofundishwa, mkewe akimhesabia kwa sauti ya ukali.

Baada ya miezi miwili, mchuuzi alipita tena. "Fundi, leo nakupunguzia!"

Fundi aliinuka. Hakuguna, wala hakugusa meza. Mkewe alicheka kwa furaha.

"Hata ukinipa bure sitaki," fundi alisema. "Mfupa huo una mwenyewe, na bado anauhitaji."