Abiria wa Gari Jeupe

Wewe ungenunua gari linalomhesabu abiria usiyemwona?

Daktari wa meno alibakiza kidogo tu alinunue. Magari mawili ya kifahari, yale ya kukimbia kuliko akili ya mwenye kuyaendesha, yalisimama kwenye uwanja wa shemeji yake, muuza magari, jua la saa nane likiyachoma. Jekundu lilinguruma likiwatangazia majirani utajiri. Jeupe lilikuwa tulivu kama mkwe mpya. Daktari alishika karatasi ya kulinganisha: injini, breki, tairi, mwendo. Mkewe alimtazama akiyazunguka na kuinama hadi uvunguni, akasema moyoni: huyu hata mimi hakunikagua hivi.

"Jekundu linakunywa mafuta, shem," alisema muuza magari. "Jeupe ndilo gari la mtu mwenye adabu."

"Na wewe adabu umeijulia wapi, kaka?" dada yake, mke wa Daktari, alimtania.

Daktari akaingia kwenye jeupe, akajifunga mkanda, akaliwasha. Kengele ikaanza: ting, ting, ting. Taa ndogo mbele yake ilionyesha kwamba kiti cha pembeni kina mtu, na mtu huyo hajajifunga.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Waya tu hizo," alisema muuza magari, upesi mno. Hakusogea.

"Hebu kaa wewe, mama watoto," Daktari alimwambia mkewe. "Tuone kama itanyamaza."

Mkewe akaingia. Harufu ya ngozi mpya ilimpokea, na chini yake harufu nyingine, ya petroli na manukato ya kike yaliyochacha. Akavuta mkanda, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Ndipo alipohisi kwamba kiti kina magoti.

Alitaka kucheka, maana mtu mzima aliyesoma hakai kwenye mapaja ya hewa, lakini mapaja yale yalikuwa na joto, na gauni lake lilianza kuloa kwa nyuma, na kitu kikavuta pumzi sikioni mwake, taratibu, pumzi yenye majimaji ndani yake, kisha mkanda ukaanza kukaza, kidogo kidogo, kifuani, begani, ukapanda hadi shingoni.

"Nifungue," alinong'ona.

Daktari alibonyeza kifungo. Akabonyeza tena kwa vidole viwili. "Hakiachii. Shem, lete kisu."

Muuza magari alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, mikono kichwani.

"Waambie ulinikuta vipi."

Kinywa kilikuwa cha dada yake. Sauti haikuwa yake.

"Mimi nilikuta ajali imeshatokea," alisema muuza magari. "Nilikuta chuma tu."

Mkanda ukakaza tena. Midomo ya dada yake ikageuka rangi.

"Sema," Daktari alimsihi, machozi yakimtoka. "Chochote ulichofanya, kiseme. Dada yako anakufa."

Muuza magari akapiga magoti kwenye changarawe.

"Dereva alishakufa, lakini mwanamke wa kiti hicho alikuwa hai," alisema. "Nilifika wa kwanza na gari la kuvuta. Aliniomba nimfungue mkanda, akaniita kaka. Nikajua nikiita watu, polisi watalizuia gari hili jeupe, litalala kituoni hadi lioze, na mimi nilishalitamani nilitengeneze niliuze. Nikakaa kwenye nyasi, nikavuta sigara mbili, nikimsubiri anyamaze."

Mkanda ukaachia, na kengele ikaanza tena: ting, ting, ting.