Dakika Hamsini za Angani

Lukresia alikuwa uani kwake Bariadi, anachambua pamba, shemeji yake Method alipoingia na simu mkononi.

"Shemeji, tiketi yako ya Bukoba hii hapa. Ijumaa saa nane mchana, kutoka Mwanza. Angani ni dakika hamsini tu."

Pamba ikamdondoka. "Dakika hamsini? Bukoba ninayoijua mimi ni ya meli, unalala ziwani!"

"Ndege haizunguki, inakata ziwa moja kwa moja. Hazifiki kilomita mia mbili."

Jumamosi saa nne asubuhi binti yake Anna angeweka nadhiri za utawa huko Bukoba. Baba yake alishafariki. Wa kumsindikiza altareni alibaki mama tu.

Ijumaa waliondoka saa tatu na nusu kwa gari la Method. Walipofika Mkula, wifi yake Kwandu alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni.

"Mnipite kama kibao cha barabarani? Kuku yuko jikoni!"

"Tule tu, shemeji," Method alicheka. "Safari yenyewe dakika hamsini."

Walikula, wakasali, wakaagana. Saa sita kasoro ndipo wakatoka. Mwanza mjini magari yalisongamana, na uwanja wa ndege uko upande wa pili wa mji. Walifika saa saba na dakika arobaini.

"Kaunta imefungwa, mama," alisema mhudumu, jina lake Veronica.

Lukresia alimtazama kama hakusikia. "Imefungwaje, na ndege ile pale naiona?"

"Unaiona, lakini hupandi tena. Orodha ya abiria imeshafungwa."

"Mayu wane! Mama yangu!" Akakaa juu ya begi lake. Ndege ikakimbia, ikapaa.

"Lakini tumetoka Bariadi tangu asubuhi, na safari ni dakika hamsini..." Method alianza.

"Hizo ni za angani, baba," Veronica alimkatiza. " Za ardhini hamkuzihesabu. Hesabuni kwa kurudi nyuma. Ndege ni saa nane. Mfike masaa mawili kabla, yaani saa sita. Kutoka Bariadi wekeni masaa manne, maana mji hujaa. Hapo mnatoka saa mbili asubuhi. Njiani mlisimama?"

"Tulikula kuku," Method alisema, macho chini. "Kumbe kuku ndiye aliyetula sisi. Saa nzima na zaidi."

"Basi mngetoka saa kumi na mbili na nusu. Au kuku angewasubiri mkirudi."

Veronica alitafuta kwenye kompyuta. Ilibaki nafasi moja, kesho saa moja na nusu asubuhi. "Haya mama, utafika hapa saa ngapi?"

Lukresia alikunja vidole, kimoja kimoja. "Saa kumi na moja na nusu. Nalala hapahapa mjini. Na wewe Method, ukisimama kwa mtu yeyote nakushusha."

Kesho yake walikuwa wa kwanza mlangoni. Ndege ikapaa, ziwa likapita chini. Mara ikaanza kushuka. Lukresia akamshika mkono jirani yake wa kiti.

"Kuna nini? Mbona tunashuka?"

"Ni Bukoba, mama. Tumefika."

"Tumefika! Hata kiti sijakizoea!"

Saa nne kasoro robo Anna alisimama mlangoni mwa kanisa katika shela nyeupe, macho mekundu.

"Mama! Waliniambia ndege imekuacha."

"Iliniacha jana," Lukresia alisema, akamshika mkono. "Twende, mwanangu. Kengele inalia."