Jiwe Chini ya Kipima Tetemeko

Ilitangulia harufu ya unga wa ulezi. Stoo ya shule ile ya Makere haikuwa na hata punje ya nafaka. Ilikuwa na madawati mabovu, na kipima tetemeko alichokiunda Mwalimu Hatungimana kwa vipuri vya bei poa, kikaunganishwa kwa intaneti ya simu na vya shule nyingine tatu: Nyarugusu, Kibondo na Kumsenga. Ardhi ikitikisika, mistari minne inacheza kwenye kompyuta yake.

Kifaa kilitaka kitu kizito cha kukalia, na saruji ilikuwa imeisha. Basi mwalimu, na usomi wake wote, akaenda kwenye gofu la mama mmoja aliyefariki, nyuma ya shule, akabeba jiwe lake la kusagia.

Tangu hapo, kila saa saba mchana mstari wa Makere ulipanda na kushuka taratibu. Ukitega sikio mlangoni unasikia: kwaru, kwaru.

"Umelitoa wapi hilo jiwe, Mwalimu?" aliuliza Sylvesta, mlinzi wa shule. Alipoambiwa, sauti ikamshuka. "Yule mama hakuzaa binti. Jiwe hurithiwa na msichana. Asipokuwepo, linaachwa palepale. Lirudishe leo."

"Nikiligusa, vipimo vyote vinavurugika. Wafadhili wanakuja wiki ijayo."

Kesho yake Mwalimu alimkuta bintiye Nadine, miaka saba, kapiga magoti stoo, viganja vimejaa unga.

"Kuna mama ananifundisha kusaga, baba."

Mwalimu aliogopa, tena sana. Lakini jiwe hakuligusa. Alimpeleka mtoto kwa bibi yake Kumsenga, akarudi kazini.

Siku iliyofuata, saa saba, mstari wa Makere ulilala, akamshukuru Mungu, na kabla hajamaliza, ule wa Nyarugusu ukaanza kupanda na kushuka, kesho yake ukanyamaza ukaanza wa Kibondo, na siku ya tatu akautazama wa Kumsenga ukiinuka polepole huku akimpigia mama yake.

"Mama, Nadine yuko wapi?"

"Yuko jikoni, mwanangu, anasaga ulezi na yule mgeni wako. Mbona hukusema kama amekuja kumchukua?"