Uzi Mwekundu wa Kikombe

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Chiriku alisugua vikombe vya darasa lao kwa majivu huku akiongea. Jina hilo la utani hakupewa bure. Vikombe vilikuwa vitatu, vya bati, vinavyofanana kabisa, ila kimoja kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Hicho kilikuwa cha watoto wa wachuna ngozi za wanyama, kazi iliyodharauliwa na wengi. Sheria ya shule iliwataka wakitumie hicho tu, waketi benchi la nyuma, na wanywe wa mwisho.

Siku hiyo uzi ulikatika, ukaenda na maji machafu. Chiriku alivigeuza vikombe, hata akavinusa. Wapi! Hakujua kipi ni kipi.

Wakati wa mapumziko foleni ilisimama mbele ya mtungi, lakini walipoona hakuna kikombe chenye uzi, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Chagua kimoja tu, ufunge uzi mwingine," kaka yake, aliyekuwa mbele kwenye foleni, alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Mwisho wa foleni alikuwepo binti wa mchuna ngozi, midomo imemkauka kwa jua.

"Usihangaike, dada," alisema. "Nitakunywa nyumbani. Na kesho siji tena. Nimechoka."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Kwa miezi mingi ni yeye aliyekilinda kile kikombe kisichanganywe na vingine, tena kwa majivuno! Alivijaza vyote vitatu, akanywa funda moja moja, kisha akampelekea mwenzake kimoja.

"Kunywa. Maji ni yale yale."

"Kuna nini hapa?" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yao.

Chiriku hakuficha. "Uzi umekatika, mwalimu. Ningeweza kudanganya, ila kweli sijui kipi ni chao."

Mwalimu mkuu alivikagua kimoja kimoja. Naye hakujua. Mwishowe alichota maji kwa kimojawapo, akanywa.

"Wanangu," alisema polepole, "uzi ule tuliufunga sisi watu wazima, tukauita sheria. Ubaguzi hauwi haki kwa kuwekewa sheria. Sheria ikimdhalilisha mwenzako, usiione sawa kwa sababu umeizoea. Leo hii benchi la nyuma linahamishwa, na kila mtu ataketi atakapo."

Binti wa mchuna ngozi alimaliza maji yake yote, akafuta midomo.

"Basi kesho nitakuja," alisema.

"Uje mapema," Chiriku akajibu. "Vikombe havijisugui!"