Anwani ya Boram

Kila asubuhi Gu Sangcheol alipita na pawatila yake, trekta dogo la mkono, kwenye njia panda ya kijiji cha Solmae. Kila asubuhi alilikodolea macho bango la kijiji cha jirani. Lilikuwa limefungwa kati ya nguzo mbili za umeme, herufi nyekundu, kubwa kweli kweli: "Hongera mtoto wa Bwana Yeom kwa kuingia Chuo Kikuu!"

Huyo mtoto wa Yeom alipelekwa Gwangju mjini angali mdogo. Alilelewa na mjomba wake, akasomea huko.

"Basi ndiyo njia yenyewe," Sangcheol alijisemea. "Anayetaka mtoto asome, ampeleke mjini."

Sangcheol alikuwa mkulima wa vitunguu saumu. Mkewe, Oksim, alilima naye bega kwa bega. Wote wawili hawakuwahi kukanyaga chuo. Binti yao wa pekee, Boram, alikuwa anamaliza sekondari ya chini, na darasani alikuwa mwepesi. Sangcheol alimpenda sana, lakini mapenzi yake yalikuwa ya kimya kimya. Aliamua mambo ya mtoto peke yake, kisha akayatangaza wakati wa chakula, kama mwenyekiti wa kijiji anavyotangaza kwenye kipaza sauti.

Ndivyo alivyofanya jioni moja, baridi ilipoanza kuuma.

"Boram, utakwenda kukaa kwa shangazi yako Gwangju. Utasoma sekondari ya juu huko. Shangazi anakuja Jumamosi kutengeneza kimchi. Jumatatu tunakwenda ofisi ya kata, tunahamishia anwani yako kwake."

Boram aliweka vijiti vyake vya kulia mezani. "Na lile darasa la Jumamosi, baba?"

"Darasa gani? La bure lile? Mjini kuna tuisheni kila ghorofa!"

"Lakini baba..."

"Kula, wali unapoa."

Boram akala. Oksim alimtazama mumewe, akameza maneno yake pamoja na supu.

Hilo darasa la bure liliendeshwa na chuo kikuu cha jimbo. Kila Jumamosi wanachuo walikuja kwa basi mpaka ukumbi wa kijiji. Waliwafundisha watoto hesabu na sayansi. Kiongozi wao aliitwa Mwalimu Tak. Wakati wa likizo ya kiangazi aliwachukua watoto, akawalaza kwenye mabweni ya chuo na kuwatembeza madarasani. Boram aliporudi kutoka huko, nyumba haikupumzika kwa maneno yake. Alikuwa ameona wanafunzi wa tiba ya viungo wakijifunza kunyoosha magoti na migongo. Tangu siku hiyo, jirani yao Bibi Deokrye akipanda ngazi, Boram alimtazama magoti tu.

"Unanitazama nini, we mtoto? Magoti yangu yana picha?" Bibi Deokrye alimtania.

"Natazama unakanyagaje, bibi. Mguu wa kushoto unauonea."

"Ala! Daktari kashafika kijijini, nami sina habari."

Jumamosi ya kimchi ikafika, siku ya kusindika kabichi kwa pilipili ziwe akiba ya majira ya baridi. Kabichi zilizolala kwenye chumvi usiku kucha zilikuwa zimerundikwa uani, zikichuruzika maji. Majirani walikuwa wameshajipanga, kila mtu na glavu zake. Oksim alikuwa anachanganya pilipili na vitunguu saumu kwenye beseni kubwa. Bibi Deokrye alikuwa ameketi kwenye kigoda, akiongoza kazi kwa mdomo.

Shangazi Gyesun, dada mkubwa wa Sangcheol, alishuka kwenye gari na makopo matupu ya kubebea kimchi. Kwa mkono wa pili alikokota sanduku jipya la nguo, jekundu, lenye magurudumu.

"Boram! Njoo uone sanduku lako! Chumba chako nimeshakipaka rangi."

"Asante, shangazi," Boram alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Kabla ya saa sita, mwanamke mmoja aliyevaa koti la bluu alisimama getini. Alikuwa Mwalimu Tak.

"Samahanini. Nimemfuata Boram. Ameniambia anaacha darasa, nami nikasema siwezi kukaa kimya."

"Hapa leo hakuna mgeni wa kusimama," alisema Bibi Deokrye. "Vaa glavu, mwanangu. Maneno na kazi vinakwenda pamoja."

Mwalimu Tak akacheka, akachuchumaa, akaanza kupaka pilipili majani ya kabichi, moja baada ya jingine.

"Ee, huyu mikono yake ya kijijini," Shangazi Gyesun alisema, akiwa ameridhika. "Usimsikitikie Boram, mwalimu. Anakuja kwangu. Atapata shule kubwa na tuisheni nzuri. Jumatatu anwani yake inahamia kwangu, na mambo yamekwisha."

Mikono ya Mwalimu Tak ikasimama.

"Anwani mmeshahamisha?"

"Nimeshakwambia Jumatatu."

"Afadhali!" Mwalimu alishusha pumzi. "Baba Boram, naomba uje hapa kidogo. Tafadhali."

Sangcheol alikuwa anaosha kabichi kwenye bomba. Hakupenda kuitwa mbele ya watu. Alikuja pole pole, maji yakimtiririka viatuni.

"Baba Boram, umewahi kusikia nafasi maalumu za watoto wa vijijini?"

"Nimesikia juu juu."

"Vyuo vingi, hata vile vikubwa vya Seoul, vinatenga nafasi kwa watoto wa vijijini. Lakini kuna masharti. Mtoto na wazazi wake wawe wameishi kijijini, wote, tangu anaanza sekondari ya chini mpaka anamaliza ya juu. Bila kukatiza. Na shule zake zote ziwe za vijijini, au za mji mdogo kama huu wetu wa wilaya. Boram ameshafika nusu ya njia. Ukihamisha anwani Jumatatu, umeikata."

"Si tutairudisha!" alisema Shangazi Gyesun. "Akikaribia kufanya mtihani wa chuo tunairudisha. Nani atajua?"

"Kila uhamisho unaandikwa, dada. Mwaka juzi nilikaa na kijana wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Baba yake alimhamishia anwani kwa baba mdogo, miezi michache tu, kisha akairudisha. Kijana alisoma kufa na kupona. Tulipofika kujaza maombi ya chuo, ndipo tukaona. Mlango ulikuwa umefungwa zamani, na baba mtu ndiye aliyeufunga bila kujua."

"Toba!" Bibi Deokrye alisema.

Sangcheol alihisi masikio yanamwaka. Ilikuwa kama aliyesemwa ni yeye, na kweli kidogo tu angekuwa yeye. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi ndicho kilichojibu kwanza.

"Kwa hiyo mwanangu aingie chuo kwa kuonewa huruma? Watu waseme Gu Sangcheol kambeba bintiye, kampitisha mlango wa uani? Mtoto wa Yeom alishindana na watu wa mjini!"

"Sangcheol ana haki," dada yake akadakia. "Sisi si ombaomba."

Mwalimu Tak hakukasirika. Alichukua kitunguu saumu kimoja kutoka kwenye kapu.

"Hiki umekilima wewe?"

"Nani mwingine?"

"Kikikua hivi kwenye shamba la mawe, bila mbolea, utasema kimependelewa?"

Sangcheol alikipokea kitunguu, akakigeuza geuza kiganjani.

"Hata huko hapewi mtu kiti cha bure," mwalimu aliendelea. "Watoto wa vijijini wanashindana wenyewe kwa wenyewe, na wengi wanakosa. Siwezi kukuahidi kwamba Boram atapata. Atasoma mpaka achoke. Ninachokuambia ni kimoja tu. Usimwondolee haki yake kabla hajaitumia."

"Na tuisheni?" Oksim aliuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Hapa ataipata wapi?"

"Hilo ndilo linalotuleta, Mama Boram. Sekondari ya mji wa wilaya inatosha, basi linafika. Jumamosi tupo ukumbini. Jioni atakuwa na mwanachuo wa kumfundisha kwenye kompyuta, uso kwa uso. Likizo tunampeleka chuoni. Na wakati wa maombi nakaa nanyi hapa hapa, tunaangalia masharti ya kila chuo, maana hayafanani. Hata misaada ya ada ya serikali tutaiomba pamoja."

"Kumbe!" Oksim alisema. Akamgeukia mumewe. "Baba Boram, umesikia? Mtoto asiende."

"Wifi, na chumba nilichokipaka rangi?" Shangazi Gyesun aliuliza. Macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. Alimpenda Boram kwa dhati, na nyumbani kwake hakukuwa na mtoto.

Sangcheol alisimama katikati ya wanawake na mabeseni. Hakujua ashike lipi. Ndipo alipomwona Boram, ameinama juu ya kabichi ile ile moja tangu mazungumzo yaanze. Majani yake alikuwa ameshayapaka mpaka yamechanika. Sangcheol alishtuka. Watu wote uani walikuwa wametoa maoni yao, hata Bibi Deokrye, isipokuwa mwenye maisha yake.

"Boram," alisema. "Wewe unataka nini?"

Boram aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya pilipili kwenye glavu.

"Chuo nakitaka, baba. Nakitaka sana. Lakini nataka kusoma nikiwa hapa. Nilitaka kukwambia ile siku. Hukuniuliza."

Maneno hayo yalimchoma Sangcheol kuliko yote aliyoambiwa siku ile. Alikohoa. Alitazama paa. Kisha akachana jani changa la kabichi, akalifungia pilipili ndani, akamlisha binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa amemlisha tangu alipoota meno.

"Kula," alisema. "Unabaki."

"Na sanduku langu nilirudishe dukani?" Shangazi Gyesun alilalamika huku akipenga kamasi.

"Liache hapo, dada. Atalibeba akienda chuoni."

Jumatatu ilipofika, Sangcheol alikwenda ofisi ya kata kama alivyokuwa amepanga. Lakini hakwenda kuhamisha kitu. Aliomba waangalie kama yeye, mkewe na Boram wote wameandikishwa nyumba moja. Wakamhakikishia. Akarudi nyumbani, akakipigia simu chuo kimoja, kisha kingine, akauliza masharti yale yale. Hakutosheka mpaka aliposikia kwa masikio yake.

Miaka iliyofuata haikuwa mteremko. Mtihani wa kwanza wa hesabu Boram alianguka vibaya. Sangcheol alilala akiwaza kwamba amemponza mtoto. Asubuhi alimpigia Mwalimu Tak, sauti imemkauka.

"Mwalimu, tumekosea?"

"Hatujakosea. Ana pengo la tangu zamani, tumeliona. Niachie mpaka kiangazi."

Mwanachuo aliyemfundisha, kijana wa kike aliyeitwa Seulgi, alimrudisha Boram nyuma mpaka hesabu za utotoni, wakaanza upya. Boram aliona aibu, lakini alijikaza. Shuleni alianzisha kikundi cha kwenda ukumbi wa kijiji kuwafanyisha mazoezi wazee. Bibi Deokrye alikuwa mwanafunzi wa kwanza, na wa kwanza kwa kulalamika.

"Inua mguu, bibi."

"Nimeuinua!"

"Umeinua nyusi tu, bibi."

Majibu ya chuo yalitoka siku ya kutengeneza kimchi, mwaka wa mwisho wa shule. Boram alivua glavu, akafungua simu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akampa mama yake. Oksim alisoma, akakaa chini juu ya kabichi.

"Nini? Nini jamani?" Shangazi Gyesun alipiga kelele.

"Tiba ya viungo," Oksim alisema. "Amepata."

Shangazi alimkumbatia Boram, akampaka pilipili mgongo mzima. Bibi Deokrye alisimama kwenye kigoda chake bila kushika ukuta, akaanza kucheza. Sangcheol alisema anakwenda kutazama bomba. Alikaa huko bombani muda mrefu, na maji hayakufunguliwa.

Wiki ile ile kijiji cha Solmae kilitundika bango lake. Mwenyekiti alimwonyesha Sangcheol maneno kabla hayajachapwa: "Hongera Gu Boram, binti wa Gu Sangcheol na Oksim, kwa kuingia Chuo Kikuu!"

Sangcheol aliyasoma mara mbili. "Ongeza neno," alisema. "Andika, amesomea hapa hapa."

Likatundikwa hivyo. Sangcheol akawa anapita pale na pawatila pole pole, hata siku ambazo hakuwa na safari. Akimkuta mzazi anayepanga kumpeleka mtoto mjini, alizima injini. "Shuka kwanza, ndugu yangu. Anwani umeshahamisha? Hujahamisha? Basi twende ukumbini, yupo mwalimu wa kukueleza."

Siku ya Boram kuondoka, upepo ulikuwa unalipiga bango pale njia panda. Sanduku jekundu lilikuwa nyuma ya pawatila, limefungwa kwa kamba ya kufungia vitunguu. Basi lilikuwa linaonekana kwa mbali. Sangcheol alilifungua sanduku kamba, akalishusha, kisha akabaki amelishika mpini.

"Boram," alisema. "Unataka nikuache hapa, au twende wote mpaka chuoni?"

Boram alimtazama baba yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Twende wote, baba."

Sangcheol akazima pawatila, akaiacha pale pale chini ya bango. Basi liliposimama, akabeba sanduku, akapanda nyuma ya binti yake.