Mvua Iliyofika Kabla ya Utabiri

Mama Tofali hufyatua matofali ya udongo. Asubuhi yeye na vibarua wake hukanda udongo, huujaza kwenye kalibu ya mbao, kisha huanika matofali mabichi juani. Yakikauka, huchomwa tanuruni. Yakinyeshewa kabla ya hapo, yanarudi kuwa tope.

Mumewe anafanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa. Majirani humwita Mawingu. Anaitunza kompyuta inayopiga hesabu za utabiri. Ungedhani mke wa mtu kama huyo hawezi kushtukizwa na mvua. Wapi!

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi na kuharibu matofali yote ya wiki. Mchana simu ya Mama Tofali ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisini kwa mumewe: "Tazamia mvua asubuhi ya leo."

Jioni alimwekea mumewe simu hiyo mbele ya macho.

"Baba watoto, huu ni utabiri au ni rambirambi?"

"Lakini tulipatia," Mawingu alijitetea. "Tulisema mvua, na mvua imenyesha."

"Mvua nimeiona mwenyewe! Nilitaka kuambiwa kabla."

Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Matofali yale yaliagizwa na fundi anayejenga shule. Fundi alikuwa amekwisha kusema kwamba matofali yakichelewa tena, atanunua kwingine. Mama Tofali hakuwa na mteja mwingine mkubwa.

"Kompyuta imezidiwa," Mawingu alisema kwa unyonge. "Inahesabu, halafu inakaa saa nyingi ikiandika majibu. Mahali pa kuhifadhia pakijaa, inasimama. Tumeomba kubwa zaidi, ofisi haina uwezo."

Mdogo wake Mama Tofali alikuwa amekuja kuwasalimu. Yeye hufundisha kompyuta chuoni. Aliweka kikombe chini.

"Shemeji, imejaa nini?"

"Kila kitu! Joto, upepo, unyevu. Kila dakika, kutoka ardhini mpaka juu kabisa angani. Hatufuti kitu. Akiba haiozi."

"Haiozi, lakini inajaza nyumba. Hebu nionyeshe joto mnaliandikaje."

Mawingu alimwonyesha kwenye simu: 24.31865021794.

"Na kipimajoto chenu kinasoma mpaka wapi?"

"Nyuzi ishirini na nne, nukta tatu. Basi."

"Sasa huo mkia mwingine wote umetoka wapi?"

Mawingu alijikuna kichwa. "Kompyuta inautoa yenyewe. Sisi tunauhifadhi tu."

Mama Tofali alicheka ingawa hakutaka. "Ala! Matofali yangu yameyeyuka kwa ajili ya mikia ya namba?"

"Siyo mikia tu, dada," mdogo wake alisema. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Namba fupi zinachukua nafasi ndogo, na kompyuta inazihesabu haraka. Hiyo moja. Pili, nani anauliza upepo wa juu kabisa angani kila dakika?"

"Hakuna."

"Basi hifadhini wa kila saa. Na ile ramani mnayoikata miraba ya kuhesabia, bahari ya mbali, ambako hakai mtu, ikateni miraba mikubwa. Miraba midogo iwekeni huku kwenye watu."

"Na tukikosea? Watu watatucheka."

"Kwani sasa hivi hawawacheki?" Mama Tofali alidakia.

"Msikate kwa pupa," mdogo wake aliendelea. "Chukueni mvua zilizopita. Zihesabuni kwa njia ya zamani na kwa njia mpya, halafu mlinganishe. Namba ikileta tofauti, irudisheni. Na vipimo vya kweli, vile vya kipimajoto na vya ndoo ya mvua, msivifute kamwe. Hesabu unaweza kuirudia. Joto la jana huwezi kulipima tena."

Mawingu alibisha kidogo, kwa sababu mtu mzima hakubali mara moja mbele ya shemeji yake. Lakini kesho yake alilipeleka jambo hilo kwa wenzake. Walijaribu, wakalinganisha. Namba za unyevu walipozifupisha mno, majibu yaliharibika, wakazirudisha. Kwingine kote majibu yalibaki vilevile. Kompyuta ile ile ya zamani ikaanza kumaliza kazi kabla jua halijachomoza.

Wiki ambayo fundi angekuja kuchukua mzigo, ujumbe uliingia alfajiri: "Mvua kubwa alasiri."

Mchana ulipofika, anga ilikuwa nyeupe na jua lilikuwa kali. Mama Tofali aliwaambia vibarua walete maturubai.

"Mama, jua lote hili tufunike?" kibarua mmoja aliuliza. "Matofali hayatakauka. Fundi atatukuta na mabichi."

Mama Tofali alitazama juu. Hakuona hata wingu moja. Akifunika bure, mteja anaondoka. Asipofunika na mvua ikaja, mteja anaondoka vilevile.

"Funikeni," alisema.

Walifunika huku wakinung'unika. Alasiri upepo uligeuka, anga ikawa nyeusi, na mvua ikamwagika mpaka uwanja ukawa ziwa.

Ilipokatika, Mama Tofali alifunua turubai moja. Alibonyeza tofali kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu. Akabonyeza la pili, na la tatu, kisha akampigia simu mumewe.

"Baba watoto."

"Naam, mama," Mawingu aliitika, akingoja sifa.

"Kesho nianike saa ngapi?"