Ukuta Umeng'ata

Aliyenieleza habari hii kwanza ni dada yangu, yule mshonaji. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharage, naye alisimulia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kwa sauti ya chini, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa sebuleni na masikio ya bibi yule hayajazeeka.

Siku yenyewe, alisema, ilikuwa ya kawaida kabisa. Amefua, nepi zinakauka uani, mume wake yuko kazini. Alikuwa anataka rafu ya nguo za mtoto chumbani, akamwita fundi mmoja rafiki wa mume wake, mtu wa masihara ambaye mtaa mzima ulimwita Domo. Mama mkwe alipoonyeshwa ukuta uliochaguliwa, ule unaotenganisha chumba cha dada na chake, alisema kwa upole kwamba rafu ingekaa vizuri upande wa dirishani. Dada akaona ni yale yale, bibi kujifanya mwenye nyumba. Akamwambia fundi aendelee.

Mtoto alipelekwa kwa bibi asivute vumbi. Alikuwa bado mchanga, mnene, mpole, akilala amelala. Fundi naye alikuwa na wake nyumbani wa umri huo huo, ila msumbufu, hajamwachia baba yake usingizi tangu azaliwe. Alipokuwa anachomeka keekee, ile mashine ya kutoboa ukuta, kwenye umeme alimtania dada.

"Shemeji, wako mpole hivi. Tubadilishane?"

Dada alicheka. Upande wa pili wa ukuta, bibi naye alicheka.

Tundu la kwanza lilitoka vizuri. Kwenye la pili, ile ncha ya kutobolea, mafundi huiita biti, iliingia karibu yote, kisha ikagoma. Keekee ilinguruma, ikamzungusha fundi mkono nusura uteguke. Akazima. Alieleza kwamba ukuta umeng'ata, kwamba ni jambo la kawaida, pengine biti imekwama kwenye kokoto, na dawa yake ni kuizungusha kinyume polepole bila kutumia nguvu. Akaizungusha kinyume. Haikutoka. Akaifungua keekee, akaiacha biti imechomoza ukutani urefu wa kidole, akaikamata kwa koleo na kuanza kuizungusha kwa mkono.

Chumba cha pili mtoto akakohoa.

Fundi akazungusha tena. Mtoto akakohoa tena, kikohozi kikavu, kama cha mzee. Dada akaenda kumwangalia. Alimkuta mikononi mwa bibi, macho wazi, midomo imekuwa rangi ya majivu. Bibi hakuwa anamtikisa wala kumpepea. Alikuwa anasikiliza.

"Mwambie aache," bibi akasema.

Dada akagonga ukuta. Koleo likanyamaza. Mtoto akavuta pumzi moja, ndefu.

Halafu fundi akamwita dada aje aone. Safari hii hakukuwa na masihara ndani ya sauti yake. Biti iliyokuwa imechomoza urefu wa kidole ilikuwa imebaki kama kucha. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa inaingia yenyewe. Taratibu. Kama kitu kinachomezwa. Na kila ilipoingia kidogo, kule chumba cha pili pumzi ya mtoto ilifupika.

Bibi alikuwa amekuja hadi mlangoni na mtoto. Akamvuta dada pembeni, akamnong'oneza.

"Marehemu baba mkwe wako aliujenga ukuta huu ukaanguka. Akaujenga tena, ukaanguka. Wa mwisho haukuanguka. Usiniulize tuliweka nini. Ukishakamata, hauachii bure."

Dada aliuliza, ukuta unataka nini?

"Fundi ameshasema mwenyewe. Aseme tena, akiwa ameushika."

Dada alielewa pale pale. Nilitamani aniambie kwamba alisita. Hakuniambia hivyo.

Alirudi chumbani. Fundi alikuwa amepiga magoti, koleo linateleza kwenye kile kipande kilichobaki, jasho linamtoka. Dada akamwomba aweke kiganja ukutani, asikilize kama kuna kitu kinatembea ndani. Akaweka. Kisha dada akajichekesha, akamuuliza, hivi kuhusu watoto wetu ulisemaje?

Fundi alimshangaa, kisha akatabasamu. Nadhani alifikiri anatolewa wasiwasi.

"Nilisema tubadilishane."

"Haya," dada akasema. "Tubadilishane."

Biti ikatoka. Hakuna aliyeivuta. Ilianguka sakafuni ikiwa safi, ya baridi, bila chembe ya vumbi. Mlangoni mtoto akalia kwa nguvu zote. Fundi alicheka hadi akakaa chini, akasema kumbe ukuta wenyewe unawaogopa wanawake. Akafungasha vifaa vyake, akaenda zake akipiga mluzi.

Jioni kilio kikasikika kwa fundi. Mtoto wao alilazwa mchana akiwa mzima. Hakuamka. Dada alikwenda msibani, akakaa na mke wa fundi, akamshika mkono. Fundi akamshukuru kwa kuja.

"Ungekuwa wewe," dada akaniuliza pale jikoni, "ungefanyaje?"

Nilimtazama mwanangu mchanga, amelala mapajani pangu. Nikamvuta karibu.

Kilichonipeleka kwa dada ni kwamba tangu siku ile mwanawe hakutaka tena ziwa la mama yake. Akisogezewa anageuza uso na kukaza taya. Nilikuwa nimeitwa nimnyonyeshe kwa kuwa nina maziwa, na langu pia alilikataa. Alikonda mpaka ngozi ya mapaja ikalegea. Bibi alisema atazoea tu.

Kulipokucha nilimfunga wangu mgongoni kwa mbeleko, nikambeba yule wa dada mikononi, nikaaga kwamba nakwenda kumwotesha jua. Nikaenda kwa fundi.

Mke wake alikuwa peke yake chumbani, blauzi imelowa, anajikamua maziwa kwenye kikombe. Kifua chake kilikuwa hakijapata habari za msiba. Sikujua nianzie wapi. Nilimwambia tu kwamba huyu hanyonyi. Alimtazama kwa muda, kisha akanyoosha mikono.

Mtoto alinyonya. Alinyonya kama aliyefika kutoka safari. Mkono wake mdogo ukapanda, ukapapasa shingo ya yule mama, ukalikamata sikio lake, ukawa unalivuta.

Yule mama akaganda. Alininong'oneza kwamba wake alikuwa hivyo hivyo, bila kushika sikio hanyonyi. Kisha akamwita, polepole, kwa jina la marehemu.

Mtoto akaachia ziwa. Akamtazama. Akacheka.

Nilirudi na wangu mgongoni, mikono mitupu. Dada alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza mtoto yuko wapi.

Nikamwambia yuko kwa mama yake.